Upande wa Mbele

Miaka ishirini na sita nimebebwa kiupande,
miguu yote miwili ikining'inia kushoto kama ya kuku wa kuuzwa,
mkono mmoja umeshika springi ya kiti,
mwingine umeshika leso.
Kwenda soko la Webuye niliijua miwa ya upande huu,
kurudi niliijua mikaratusi ya upande ule.
Mbele sikupajua.
Mbele palikuwa na mgongo wa Wekhuyi,
shati la kaki, jasho likichora juu yake
ramani ya nchi nisiyopelekwa.

Sasa nyonga yake imegoma.
Tangu Pasaka baiskeli imeegemea ukuta wa jikoni,
tetea mmoja ameigeuza keria kiota,
nami nikipita na sufuria naitazama kwa pembe ya jicho
kama mtu ninayemdai na naona haya kumwambia.

Mimi ni fundi cherehani.
Nimekanyaga pedali tangu nina miaka kumi na saba,
mchana kutwa, na kwa taa usiku msimu wa sare za shule,
nikikanyaga, nikikanyaga,
na jioni nikiinua kichwa
nipo palepale, dirisha lilelile,
Chetambe imekaa ilipokaa.

Jumamosi, saa kumi, uwanja wa shule ni mtupu
isipokuwa mbuzi wa bawabu kwenye goli la chini.
Mwalimu wangu ni Wepukhulu, mjukuu, darasa la tano,
hana huruma hata chembe.
"Kukhu, usitazame gurudumu. Tazama goli."
Goli! Mimi natazama ua,
kama Mama Khalayi wa chama anapita,
kama shemasi anapita,
kama marehemu mama yangu anapita
na fimbo yake na ule usemi wake
kwamba msichana hapandi dume la chuma.
Kuanguka sikuogopa. Mimi na ardhi tunajuana.
Niliogopa kuchekwa nikiwa na mvi.
Woga huo niliubana midomoni kama pini,
jinsi tufanyavyo mafundi,
na fundi mwenye pini midomoni
hawezi kupiga kelele hata akitaka.

Mara ya kwanza, mchongoma.
Mara ya pili, mbuzi (hakuumia, alikasirika).
Ya tatu sitaisimulia.

Ya nne, Wepukhulu hakuniachia kwa busara.
Aliniachia kwa sababu ndara yake ilikatika.
Nikasikia "Kukhu!" ikibaki nyuma, ikipungua,
mguu ukashuka, mwingine ukapanda,
mwendo uleule wa miaka thelathini na tano,
ila leo kitambaa ni nyasi
na nyasi zinakuja!
Nimekanyaga na nimesogea!
Pini zote zikanitoka,
na nyuma yao ikatoka sauti, si kicheko, si ukemi,
kitu cha mtoto wa miaka tisa
kilichokuwa kimekunjwa chini kabisa ya sanduku
na kumbe bado kinanitosha.
Upepo ukaingia ndani ya gauni bila hodi.
Breki sikuwa nimefundishwa.
Nikapita katikati ya milingoti miwili
na hapo ndipo nilipofunga bao,
mpira nikiwa mimi mwenyewe.
Na mbele, kumbe mbele ni papana hivi:
bomba la kiwanda cha karatasi, barabara,
mtu anaanua mahindi, mawingu yanakusanyana,
vyote vinanijia uso kwa uso
wala hakuna shati.

Nilirudi naikokota, goti limechubuka,
grisi kwenye pindo la gauni nililolishona mwenyewe.
Wekhuyi alikuwa mlangoni, redio magotini.
Akatazama goti. Akatazama cheni.
"Umeikunja rimu?"
Nikamwambia, ikipoa kidogo hiyo nyonga,
siku ya soko nitakubeba. Utakaa kiupande.

Akanyamaza muda wa kuchemsha chai.
Kisha akauliza,
"Kwenda asubuhi, ni upande gani usio na jua?"